Kaboni nyeusi ya udongoni ni nini, na inahusianaje na tabianchi

Ukitaja kaboni nyeusi wengi wanawaza moshi wa lori bovu na masizi ya jikoni, na hawajakosea, ila hiyo ni ile ya hewani. Kuna ya chini pia, na zote mbili chanzo chake ni kuungua nusunusu: nyasi au mti unawaka, hewa haitoshi, kingine kinapaa na moshi, kingine kinabaki kipande cheusi, mvua inanyesha kinafukiwa. Chenga za mkaa, masizi yaliyotua chini, mabaki ya moto wa porini, hiyo yote ikishaingia ardhini ndo kaboni nyeusi ya udongoni. Tofauti ni kwamba ya hewani inanyonya jua, inaongeza joto, alafu baada ya siku au wiki chache inadondoka, wakati ya udongoni inaweza kukaa mamia ya miaka, nyingine maelfu.

Inakaaje muda wote huo? Jani likianguka shambani vijidudu vya udongoni wanalila, wanapumua, kaboni inarudi hewani kama kaboni dayoksaidi, miaka michache tu habari yake imeisha. Ila mti ukiungua kwa moto mkali bila hewa ya kutosha, atomu za kaboni zinajipanga upya, zinashikana kwenye pete za sita sita, pete imebanana na pete, na bakteria wanakosa pa kuanzia. Kwao jani ni ubwabwa, mkaa ni kokwa la embe. Nenda pale palipokuwa na tanuri la mkaa zamani hata kama nyasi zimeshaota, chimba kidogo, osha udongo kwenye beseni, utaona vipande bado vipo, na ukiweka lenzi unaona mpaka vitundu vya mti wenyewe. Ndo maana wachimbaji wa mambo ya kale wanaupenda mkaa kwenye kupima umri wa makazi.

Mfano maarufu uko Amazon, Brazil. Udongo wa kule mwingi umeshachujwa na mvua, rutuba hamna, ila kuna maeneo udongo ni mweusi tii, umejaa mkaa, vigae vya vyungu na mifupa ya samaki. Wenyewe wanauita terra preta. Uliachwa na wenyeji walioishi pale kabla Wazungu hawajafika, sehemu nyingine miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, na mpaka leo watu wanalima humo.

Sasa tuje kwenye tabianchi. Udongo, ukihesabu mita moja ya juu tu, una kaboni karibu mara mbili ya iliyopo hewani, kwa hiyo hofu ni kwamba dunia ikipata joto vijidudu watachangamka, watakula haraka, watatoa kaboni dayoksaidi zaidi, joto lizidi tena. Ni hofu ya kweli kabisa. Ila hesabu nyingi zilikuwa zinachukulia kaboni yote ya udongoni kama inaoza kwa namna moja, mkaa haukupewa nafasi yake. Mwaka 2008 Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake wakapima udongo wa Australia, nchi ambayo savana zake zinaungua kila mwaka, wakakuta kuna sehemu kaboni nyeusi ni zaidi ya asilimia 80 ya kaboni yote ya udongo na kuna sehemu hamna kitu. Walipoiingiza kwenye modeli, yaani hesabu za kompyuta za kubashiri, kwa joto la kuongezeka nyuzi 3 ndani ya miaka 100, makadirio ya kaboni dayoksaidi kutoka savana mbili yakashuka kwa asilimia 18.3 na 24.4. Sio kwamba tatizo la joto limeisha, kaboni dayoksaidi itatoka tu, ila kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na hiyo asilimia sio ya kupuuza.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema basi tuchome mapori. Hapana jamani. Pori likiungua wazi sehemu kubwa ya kaboni inapaa palepale, inayobaki kama mkaa ni kidogo sana. Bayocha, yaani mkaa unaotengenezwa kwa ajili ya shamba, ndo inaweza kubakiza mpaka karibu nusu ya kaboni ya mabua au maranda, na hapo unatumia taka za shamba, sio msitu. Magharibi mwa Kenya ilijaribiwa kwenye mashamba ya mahindi yaliyochoka na mavuno yakapanda vizuri tu, ila kwenye udongo ambao tayari una rutuba usitegemee maajabu.

Na haikai palepale. Mvua inaihamisha, nyingine inayeyuka taratibu inaingia mitoni: kwenye kaboni ya viumbe iliyoyeyuka ambayo mito inapeleka baharini, karibu asilimia 10 ni hii nyeusi. Alafu kuna rangi yenyewe. Huko Ghana walipopima sehemu zilizokuwa na matanuri ya mkaa, udongo ule ulikuwa unarudisha mwanga mdogo kuliko wa jirani na juu yake kuna joto zaidi, kwa hiyo anayehesabu faida ya kumwaga mkaa shambani inabidi atoe na hilo kwanza, hasa kama shamba linakaa wazi muda mrefu bila mazao.