Mwandishi anakwambia lini? Vitabu nilivyomaliza karibuni, kuanzia upelelezi mpaka kemia

Kila nikimaliza kitabu, kiwe riwaya, kiwe cha sayansi, kiwe maisha ya mtu, huwa nabaki na swali moja: huyu mwandishi kaniambia nini, na kaniambia lini? Kama kisa kilikua kizuri au kibaya hilo linakuja baadae. Mimi ni mhariri wa vitabu, na kwenye miswada ninayopokea tatizo kubwa mara nyingi sio lugha, lugha tunakaa tunarekebisha, tatizo ni mpangilio wa taarifa, yani mtu ana stori nzuri kabisa ila kaimwaga yote kwenye kurasa za mwanzo, au kaificha mpaka msomaji kachoka kusubiri kaweka kitabu pembeni. Sasa karibuni nimesoma vitabu vya tanzu tofauti tofauti kwa kufululiza, na kwa kuvisoma hivyo karibu karibu nikaona wazi kwamba kila utanzu una namna yake ya kushika siri na namna yake ya kuiachia.

Nianze na kilichonikaa zaidi, riwaya fupi ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1981, kwa Kiingereza inaitwa Chronicle of a Death Foretold. Sentensi ya kwanza tu inakwambia Santiago Nasar atauawa siku hiyo. Hujakaa vizuri na wauaji unawajua, ni mapacha, Pedro na Pablo Vicario, na sababu unaijua: dada yao Angela amerudishwa nyumbani usiku wa harusi kwa sababu mume hakumkuta bikira, akaulizwa ni nani, akamtaja Santiago. Basi. Ukimpa mtu muhtasari huo atakuuliza sasa kimebaki nini cha kusoma.

Kimebaki kila kitu. Kwa sababu swali limehama, hatuulizi tena nani kaua, tunauliza ilikuaje watu wote wale wakajua na bado ikatokea. Mapacha wenyewe wanamwambia kila wanaekutana nae, kama vile wanaomba mtu awazuie. Kuna yule mkuu wa mji, Kanali Aponte, mi sehemu hii nimeirudia kuisoma: anawanyang'anya visu, anaona kamaliza kazi, wao wanaenda kuchukua visu vingine. Alafu anapoambiwa tena anaahidi kwamba anashughulikia sasa hivi, ila anapitia kwanza klabu kuhakikisha miadi yake ya kucheza domino jioni. Mistari michache tu na Márquez wala hamtukani, hasemi kanali ni mzembe, anaendelea na habari nyingine kabisa. Mimi nilikua nimeshika kitabu kwa nguvu nataka kumpigia kelele yule kanali. Kuna na karatasi ya onyo iliyosukumwa chini ya mlango ambayo hakuna alieiona mpaka mambo yamekwisha. Vitu vidogo vidogo hivyo ndo vinavyoua, na unaviona vyote vinapita mbele ya macho yako huku ukijua mwisho.

Kwenye masomo ya fasihi tulifundishwa kwamba taharuki inatokana na msomaji kutokujua kitakachotokea, na ukiwauliza waandishi wengi wanaoanza watakwambia hivyo hivyo. Kitabu hiki kinaonesha kwamba hiyo ni nusu tu ya habari. Kujua kunaweza kukukosesha usingizi kuliko kutokujua. Na kuna jambo moja Márquez hakwambii kabisa, kama kweli Santiago ndie alietenda lile analotuhumiwa, kitabu kinaisha na hilo halina jibu. Yani kile ambacho mwandishi mwingine angekificha yeye kakitoa mwanzo, na kile ambacho mwingine angeona lazima akifafanue yeye kakiacha wazi mpaka mwisho. Nampa mtu yeyote anaetaka kujifunza kuandika.

Nilipotoka hapo nikaenda upande wa pili kabisa, upelelezi. Nimesoma tena Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, imetoka mwaka 1960, na ndimo tunamokutana na mpelelezi Bwana Msa kwa mara ya kwanza, na kiko chake na rafiki yake Najum. Mwili wa Bwana Ali unakutwa kwenye mzimu, yani mahali pa kutambikia, na mahali penyewe ni pa kuogopwa, kwa hiyo jibu la haraka lipo tayari mdomoni mwa watu. Sasa angalia ujanja wa mwandishi, anatumia imani ya watu kama pazia. Hahitaji kukudanganya wala kukuficha ushahidi, woga wa wahusika wenyewe unafanya kazi ya kukupoteza njia, na wewe msomaji ukiwa na chembe ya woga huo umeshanaswa. Bwana Msa nguvu yake ni kwamba anauliza maswali ya kawaida pale ambapo wengine wameshatetemeka. Kiswahili chake nacho ni cha raha sana, majibizano yanakwenda mbio, unasikia sauti za watu kabisa.

Upelelezi una sheria moja ambayo mi naiheshimu: ushahidi wote lazima uwekwe mezani kabla ya jibu. Mwandishi anaruhusiwa kukuzubaisha ila haruhusiwi kuchomoa kitu mfukoni ukurasa wa mwisho. Kama unataka kuona sheria hiyo ilivyovutwa mpaka ncha yake bila kukatika, soma ile ya Agatha Christie ya mwaka 1926, The Murder of Roger Ackroyd, mpelelezi Poirot kastaafu yupo kijijini analima mboga zake na msimulizi ni daktari wa hapo kijijini. Sisemi zaidi, ni dhambi kumharibia mtu utamu wa kitabu hicho. Ila ukimaliza rudi usome tena usiku wa mauaji neno kwa neno, utaona hukudanganywa hata sehemu moja.

Riwaya ya kihistoria hiyo haina siri kubwa ya kuficha kwa sababu historia yenyewe tunaijua. Nimesoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, alieshinda Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe ni cha 1994 na tafsiri ameifanya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka nyumbani na tajiri Aziz, anamhesabu ni ndugu wa familia, anafikiri anaenda kutembea. Ni Khalil, kijana wa dukani, anaemfumbulia kwamba huyu sio ndugu yako, baba yako ana deni na wewe ndie rehani. Hapo kuna ngazi mbili za kujua. Mtoto hajui kawekwa rehani, sisi tunaanza kuhisi mapema kupitia vitu ambavyo yeye anavitazama bila kuvielewa. Alafu kuna lile ambalo hata watu wazima wa kwenye kitabu hawalijui vizuri, kwamba Wajerumani wanakuja na dunia yao ya misafara na biashara inakaribia kufungwa. Sisi tunajua, wao wanaendelea kupanga safari na kubishana kuhusu faida. Gurnah hatangazi kitu, anaacha tujue peke yetu, na ndo maana kila furaha ndogo ya Yusuf inauma kuisoma.

Sasa vitabu vya kweli, visivyo vya kubuni, hapa ndo naona waandishi wetu wanakwama sana. Wengi wanaamini ukiandika mambo ya kweli kazi yako ni kuyapanga kwa tarehe, kazaliwa, kasoma, kafanya, kafa. Rebecca Skloot angeweza kufanya hivyo kwenye The Immortal Life of Henrietta Lacks ya 2010 na kingekua kitabu cha kawaida tu.

Kisa chenyewe kwa ufupi: Henrietta Lacks alikua mama Mmarekani mweusi, aliugua saratani ya mlango wa kizazi, akatibiwa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, akafariki Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ridhaa, zikapelekwa maabara ya mtafiti George Gey, na zikafanya kitu ambacho seli za binadamu zilikua hazijawahi kufanya maabara, ziliendelea kuzaliana bila kukoma. Wakaziita HeLa, herufi mbili za kila jina lake. Zimetumika kwenye kazi ya chanjo ya polio na utafiti mwingine mwingi sana duniani. Familia yake haikujua lolote mpaka 1973, na kwa miaka mingi hata jina lake lilikua linaandikwa vibaya, watu wakiamini mwenye seli ni Helen Lane.

Skloot anasuka nyakati tatu: maisha ya Henrietta, safari ya zile seli, na yeye mwenyewe miaka mingi baadae akihangaika na Deborah, binti wa Henrietta, kutafuta ukweli. Sura moja ipo 1951, inayofuata ipo karibu na miaka ya 2000, na juu ya kila sura kakuwekea mwaka ili usipotee. Kwa mhariri hiyo ni kazi ya hatari, mbinu rejeshi, yani kurudi nyuma kwenye wakati, zikizidi msomaji anakata tamaa, lakini hapa ina sababu. Ukisoma seli zinavyosafirishwa na kuuzwa huku sura iliyopita umetoka kukaa na Deborah ambae hajui mama yake alikufaje, hasira inapanda yenyewe. Skloot hakuhitaji kuandika kwamba huu ni uonevu, kaziweka hizo sura jirani tu.

Na kuna pale chumba cha maiti. Mary Kubicek, msaidizi wa Gey maabara, anaitwa kuchukua sampuli nyingine wakati mwili wa Henrietta unafanyiwa uchunguzi. Hataki kuangalia uso. Macho yake yanaangukia miguuni, anaona kucha za vidole zimepakwa rangi nyekundu, imeanza kubanduka. Hapo ndo inamjia kwamba hizi seli walizokua wanazikuza na kuzituma huku na kule ni za mtu, mwanamke aliekaa akapaka rangi kucha zake. Kwa mi rangi hiyo iliyobanduka ndio kitabu chote. Mwandishi angeweza kujaza ukurasa mzima kuhusu maadili ya utafiti na nisingekumbuka kitu, ila zile kucha siwezi kuzisahau, na amezileta wakati ambapo tumeshazizoea seli na tunaanza kumsahau mwenyewe.

Kwa habari ya kuzileta taarifa kwa wakati wake, Primo Levi ni mwalimu mkubwa. Alikua mkemia wa Turin, Italia, aliepelekwa Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, akanusurika, na mwaka 1975 akatoa kitabu ambacho kwa Kiingereza kinaitwa The Periodic Table, sura 21 na kila moja ina jina la elementi. Ni kumbukumbu, ni kemia, ni hadithi fupi, maktaba sijui wanakiweka rafu gani na wala haijalishi. Soma sura ya Vanadi. Vita imekwisha miaka mingi, Levi yupo kiwanda cha rangi, kuna malighafi kutoka Ujerumani imegoma kukauka inavyotakiwa, wanaandikiana barua za kikazi na kampuni iliyowauzia, barua kavu kabisa za malalamiko. Kwenye barua ya Mjerumani mmoja, Dk. Müller, neno la kikemia limeandikwa vibaya, naptenat badala ya naphthenat. Na Levi anakumbuka kwamba kule kambini, kwenye maabara aliyolazimishwa kufanya kazi, kulikua na Müller mmoja alietamka hivyo hivyo.

Nilisimama hapo kwanza. Miaka yote mi nasahihisha makosa ya tahajia na sikuwahi kuona kosa la tahajia likibeba uzito wa namna hiyo. Angalia Levi alivyolipanga, kwanza anatuchosha kidogo kwa makusudi na mambo ya rangi na resini, ile malighafi yenyewe, tunadhani ni sura ya kiwandani tu, umakini wetu umelegea, alafu herufi inakosekana. Angeanza kwa kusema nilikutana tena kwa barua na mtu niliemjua Auschwitz ingekua habari nzito lakini ingekua habari tu. Kinachofuata kati yao wawili msome mwenyewe.

Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ulioandikwa na Shaaban Robert nitausema kwa kifupi, maana uko tofauti na hivi vyote. Shaaban hafichi wala hacheleweshi, anasimama katikati ya habari kutoa mawaidha kisha anaendelea na binti aliekua akitembeza vyungu na baadae akarekodi santuri Bombay mwaka 1928. Leo muswada wa hivyo ukinifikia ningemuuliza mwandishi maswali mengi, ila kwa Shaaban mawaidha ndio sauti, ukiyatoa kinabaki kitabu cha mtu mwingine. Ninachokikosa humo ni ubishi, Siti anasifiwa mno mpaka unatamani kumsikia mtu aliegombana nae.

Ushairi nimeuacha nje kwa sababu nipo katikati ya Kichomi, diwani ya Kezilahabi, na shairi mi siwezi kulisema baada ya kulisoma mara moja, huko swali langu la nini na lini halifanyi kazi vizuri, shairi linakwambia yote kwa mkupuo alafu linakuacha na kazi ya kurudi. Nikimaliza naendelea na Kisima cha Giningi, riwaya nyingine ya Muhammed Said Abdulla, nataka kujua kama Bwana Msa wa 1968 bado anatumia woga wa watu kama pazia au mwandishi kashabadilisha mbinu.