Ruzuku si msaada, wala si mkopo

Juzi kwenye kikao cha mtaa mzee mmoja alisimama kuwapongeza vijana wanaotengeneza mkaa mbadala kwa vifuu vya nazi. "Serikali imewasaidia," akasema, "sasa wajitahidi warudishe." Pesa ile ile ikawa sadaka, kabla hajaketi ikawa deni. Nimeyasikia haya mara nyingi mno. Ile ilikuwa ruzuku.

Ruzuku ya ubunifu ni fedha ya umma anayopewa mtu ili ajaribu jambo jipya kwa masharti ya mkataba. Hairudishwi, maadamu kazi imefanyika na hesabu zimenyooka. Hapa kwetu Tanzania, COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ni mojawapo ya taasisi zinazotoa fedha za namna hiyo.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, limetoka mzizi mmoja na riziki. Tunasema Mungu amemruzuku fulani mtoto. Mwenyezi Mungu huitwa Razaki, Mwenye kuruzuku, ndiyo maana tuna akina Abdulrazaki. Anayeruzukiwa hapewi kwa kuonewa huruma; anapewa cha kumwezesha kuishi na kutenda. Tena wahenga walisema riziki ya mbwa iko miguuni pake: ipo, lakini sharti atembee.

Kinachovuruga watu, nadhani, ni ruzuku ya mbolea. Ile humpunguzia mkulima bei ya mfuko, basi, hakuna anayemuuliza amebuni nini. Neno ni moja, kazi mbili. Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo. Haina riba, lakini ni mikopo, na asiyerejesha anamnyima mwenzake aliye kwenye foleni.

Sasa tazama kazi ya wale vijana. Vifuu vinachomwa ndani ya pipa lililofunikwa, vinasagwa, unga unachanganywa na uji wa muhogo, unashindiliwa, unaanikwa. Uji ukizidi, mkaa unatoa moshi. Ukipungua, unavunjika mkononi. Kipimo hakipatikani bila kuharibu magunia kadhaa, na benki haikopeshi mtu akaharibu magunia. Faida yenyewe, mtaro usioziba na dampo lisilofurika, inamfikia hata asiyenunua mkaa wao. Kwa hiyo ni haki hasara ya majaribio ibebwe na umma. Mkaa ukikataa kuwaka baada ya jitihada za kweli, vijana wanaandika ripoti ya kilichoshindikana, na ripoti hiyo ni sehemu ya walicholipwa kukifanya.

Kwa hiyo, mzee wangu, hawakusaidiwa na hawadaiwi. Wameruzukiwa. Ukipita pale wanapoanika mkaa, usiwaulize watarudisha lini. Waulize kipimo cha uji kimefikia wapi.