Nani Hulipwa Kwanza? Kusoma Fedha na Sheria ya Biashara Chuo Kikuu

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, huwapa wanafunzi wangu swali moja kabla hata sijawatajia vitabu. Kampuni imefilisika. Mali yake yote imeuzwa na zimepatikana 100. Benki inadai 80, wafanyakazi wanadai mishahara ya 20, walioiuzia malighafi kwa mkopo wanadai 60, na wanahisa walikuwa wameweka mtaji wa 50. Nani anapata nini?

Wapenda hesabu hujumlisha madai yote, wanapata 210, kisha wanagawa kwa uwiano. Wengine husema wafanyakazi watangulie kwa kuwa ndio wanyonge. Wote wanabahatisha, maana swali halikutaja jambo lenye uzito kuliko yote: je, benki ilichukua rehani, na juu ya mali ipi? Ikiwa rehani yake imeshika mali yote, katika mifumo mingi ya sheria itachukua 80 zake mwanzo. Sheria ikiwapa wafanyakazi kipaumbele juu ya wadai wasio na rehani, 20 zilizobaki ni zao. Wauza malighafi wanaondoka mikono mitupu, na wanahisa ndio kabisa. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule ya msingi. Ugumu uko kwenye foleni, na foleni hupangwa na sheria.

Ndiyo sababu ya kuyaweka masomo haya mawili, fedha na sheria ya biashara, katika shahada moja. Mtu anayeyaona kama nusu mbili zilizoshonwa pamoja, fedha kwa ajili ya benki na sheria kwa ajili ya mahakama, atahangaika miaka yote mitatu au minne. Ukiichunguza mizania ya kampuni, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji wake, kwa jicho la mwanasheria, karibu kila mstari ni haki ya mtu juu ya mtu mwingine. Wadaiwa wa kampuni ni mikataba ambayo haijalipwa bado. Mkopo ni ahadi. Hisa ni haki ya kupata kitakachobaki, kama kitabaki.

Wanafunzi wa fedha hufundishwa mapema nadharia ya Franco Modigliani na Merton Miller, waliyoichapisha mwaka 1958. Kwa ufupi, inasema thamani ya kampuni haibadiliki kwa sababu tu imepata fedha zake kwa kukopa au kwa kuuza hisa. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha hapo, kwa kuwa inaonekana kupingana na mambo yanavyokwenda: kampuni halisi huumiza vichwa kuhusu kiasi cha deni. Lakini tazama masharti ambayo nadharia hiyo inayahitaji ili isimame. Kusiwe na kodi. Kufilisika kusiwe na gharama. Wawekezaji na wasimamizi wawe na taarifa sawa. Sasa jiulize masharti hayo yanavunjwa na nini. Kodi ni zao la sheria, na mwaka 1963 wawili hao walirejea wakarekebisha hoja yao kwa sababu sheria za kodi huruhusu riba kutolewa kwenye faida kabla ya kodi huku gawio likikosa nafuu hiyo. Ufilisi nao ni utaratibu wa kisheria, wenye mawakili, mfilisi (anayekusanya na kugawa mali ya kampuni iliyoanguka) na miaka ya kungoja. Hata taarifa sawa ni jambo ambalo sheria za soko la mitaji hujaribu kulilazimisha. Kwa hiyo mimi huisoma nadharia ile kinyumenyume: palipo na deni na hisa, kinachofanya mchanganyiko wake uwe na maana ni, kwa sehemu kubwa, sheria. Sijui hoja nyingine inayoitetea shahada hii vizuri kama hiyo.

Upande wa sheria nao una hadithi yake ya lazima. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu wa London. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati huo, ya mwaka 1862, ilitaka wanachama saba, basi akaingia yeye, mkewe na watoto wao watano. Yeye alikuwa na hisa 20,001. Wale sita kila mmoja hisa moja. Sehemu ya bei ya biashara alilipwa kwa hati za mkopo za pauni 10,000 zilizowekewa dhamana ya mali ya kampuni. Yaani aliyekuwa mmiliki wa karibu kila kitu alikuwa pia mkopeshaji aliye mbele ya foleni. Kampuni ikaanguka. Mfilisi akasema huu ni mchezo, kampuni na Salomon ni kitu kimoja, alipe madeni mwenyewe. Mahakama mbili za chini zikamkubalia mfilisi. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya enzi hizo, katika uamuzi wa Novemba 1896 ambao vitabuni huandikwa 1897, ikazipindua zote mbili: kampuni iliyoandikishwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama nyuma yake amesimama mtu mmoja.

Mwanafunzi wa sheria hujifunza hapo kanuni ya kampuni kuwa nafsi inayojitegemea. Mwanafunzi wa fedha angepaswa kujifunza jambo jingine humohumo, nalo mara nyingi humpita: kwa nini wadai wadogo waliuza bidhaa kwa mkopo bila kuangalia nani amekaa mbele yao? Wangeliangalia, wangelidai bei kubwa zaidi, au malipo taslimu, au nao wangelitaka dhamana. Kila riba unayoiona ikitozwa duniani ina ndani yake makadirio ya nafasi ya mkopeshaji kwenye foleni.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, si wa mahakamani. Mikataba ya mikopo mikubwa huwa na masharti ya uwiano: kwa mfano, deni la kampuni lisizidi mara 3 ya mapato yake ya mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu. Sharti likivunjwa, benki ina haki ya kudai fedha zake zote mara moja. Tarehe 1 Januari 2019 kiwango kipya cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS 16, kilianza kutumika, kikataka mikataba mingi ya kukodi majengo, ndege na mitambo iingizwe kwenye mizania kama deni. Fikiria kampuni yenye matawi mengi ya kupanga. Jana deni lake lilikuwa mara 2.5 ya mapato. Leo, bila kukopa hata senti, uwiano wake unaweza kupanda na kuvuka 3. Imevunja mkataba? Jibu limo katika ibara ya tafsiri ya maneno, ile ambayo kila mtu huiruka. Ikiwa imeandikwa kwamba hesabu zitafanywa kwa viwango vilivyokuwapo siku ya kutia saini, kampuni iko salama. Ikiwa imesema viwango vinavyotumika wakati husika, mazungumzo na benki yaanze asubuhi. Mhasibu asiyesoma mkataba hatajua kuna hatari. Mwanasheria asiyejua viwango vya uhasibu hatajua kuna jambo la kuandika.

Kuhusu ratiba ya masomo sina mengi. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni uhasibu, uchumi, takwimu, misingi ya sheria na sheria ya mikataba; inayofuata huleta sheria ya kampuni, fedha za kampuni, kodi, benki, masoko ya mitaji na ufilisi. Majina hutofautiana, vitu ni vilevile.

Kinachowasumbua wanafunzi si wingi wa masomo bali kubadilisha namna ya kufikiri kati ya saa nne na saa sita. Kwenye fedha swali hudai tarakimu, na tarakimu isiyo sahihi ni kosa. Kwenye sheria swali hudai hoja: suala ni lipi, kanuni inasemaje, inahusianaje na tukio hili, na hitimisho ni nini. Watu wawili wanaweza kufikia hitimisho tofauti na wote wakapata alama za juu. Wenye vichwa vya hesabu hukasirika. Wenye vipaji vya maneno nao hukasirika wanapogundua kwamba ufasaha hauwaokoi kwenye kanuni ya thamani ya sasa, ile inayokokotoa fedha za kesho zina thamani gani leo.

Dawa yake ni kuusoma mkataba ukiwa na kikokotoo mkononi. Chukua mkopo wa 1,200,000, kwa sarafu yoyote, wa miezi 12, “riba asilimia 12”. Ikiwa riba inakokotolewa juu ya mkopo wa awali mwaka mzima, unalipa riba ya 144,000, sawa na marejesho ya 112,000 kila mwezi. Ikiwa inakokotolewa juu ya salio linalopungua, rejesho ni takribani 106,600 na riba yote haifiki 80,000. Asilimia ni ileile, maneno yanayoifuata ndiyo yameongeza gharama. Ukitafuta riba halisi ya mkopo wa kwanza juu ya salio, utaikuta karibu asilimia 21.5 kwa mwaka. Sheria za nchi nyingi zinazowataka wakopeshaji kutangaza riba halisi zilizaliwa na pengo hilo.

Neno nalo lina mitego yake. Tunasema “dhamana” kwa mali iliyowekwa rehani, kwa ahadi ya mtu atakayelipa mwingine akishindwa, kwa mtuhumiwa kuachiwa na mahakama, na kwa hati za serikali za kukopa. Katika mazungumzo hakuna tatizo. Katika mkataba, kati ya rehani na udhamini wa mtu kuna shimo: mwenye rehani anaishikilia mali hata mdaiwa akifilisika, ilhali mwenye mdhamini anashikilia ahadi ya binadamu, ambaye naye anaweza kufilisika. Nimewahi kusahihisha jibu zuri la kurasa tatu lililoporomoka kwa kuchanganya hayo mawili katika sentensi ya kwanza.

Liko pia suala la mipaka. Kanuni ya thamani ya sasa ni ileile Tokyo na Paris. Sheria ya kampuni siyo. Anayesoma katika mfumo uliotokana na Uingereza atajengewa hoja kwa maamuzi ya mahakama. Anayesoma katika mfumo uliotokana na Ufaransa, ambayo kitabu chake cha sheria za biashara kilitungwa kwanza mwaka 1807, ataanzia kwenye ibara za sheria. Biashara za kimataifa zimetengenezewa madaraja machache, kama Mkataba wa New York wa 1958, unaowezesha uamuzi wa usuluhishi uliotolewa nchi moja kutekelezwa katika nyingine. Nchi zaidi ya 170 zimeuridhia. Lakini madaraja hayo hayafuti tofauti za nyumbani.

Hilo linatufikisha kwenye swali ambalo wazazi huniuliza kuliko wanafunzi: akihitimu atakuwa wakili? Kwa shahada hii peke yake, katika nchi nyingi, hapana. Uwakili huhitaji shahada ya sheria inayotambuliwa, mafunzo ya vitendo na mitihani ya chombo kinachousimamia. Uhasibu nao una mitihani yake ya kitaaluma, ingawa baadhi ya vyama humsamehe mhitimu karatasi alizokwisha kusoma. Wahitimu wengi huenda kwenye idara za mikopo, kodi, uzingatiaji wa kanuni, usimamizi wa mikataba, ukatibu wa kampuni na kazi za ufilisi. Anayetaka joho la wakili aulize mapema, kabla ya kulipa ada, ni masomo gani atahesabiwa na mangapi atarudia. Na amuulize anayesajili mawakili, kwa maandishi, si ofisi ya udahili ya chuo.