Yom chi ni haya, wala si aibu ya klabu

Kijana akipoteza pambano kwenye mashindano ya Taekwon-Do, sanaa ya kupigana ya Korea, siku hizi hakosi wa kumwambia kwamba hana yom chi, lile neno la Kikorea la uadilifu: ameiangusha klabu, ameutia aibu mkanda wake, yaani cheo chake. Nimeyasikia hayo kwa walimu, nimeyasikia kwa wazazi waliokaa jukwaani, na juzi nikamsikia mtoto wa mkanda wa njano akimkemea mwenzake vivyo hivyo. Hapo nikaona bora niandike.

Yom chi ni msingi wa pili kati ya mitano ambayo Jenerali Choi Hong Hi, mwasisi wake, aliwawekea wanafunzi wa Taekwon-Do, sanaa iliyopewa jina hilo Korea mwaka 1955. Wa kwanza ni ye ui, yaani adabu. Kisha huja in nae, uvumilivu. Guk gi, kujitawala. Na baekjul boolgool, moyo usiokubali kuvunjika. Ahadi ya kwanza katika kiapo cha mwanafunzi ni kuishika misingi hii. Kwa Kiswahili yom chi huitwa uadilifu, na tafsiri hiyo si mbaya, ila ina ubaridi wa ofisini. Ni neno la hotuba na la Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya. Mtoto wa miaka tisa hulikariri bila kuhisi chochote.

Asili yake ina joto zaidi. Yom chi huandikwa kwa herufi mbili za Kichina. Yom ilianza kwa maana ya ukingo wa ukumbi, ule mstari wa pembeni ulionyooka, ndipo ikaja kumaanisha mtu mnyoofu asiyehongeka. Chi ni haya yenyewe, na herufi yake imeunganisha alama ya sikio na ya moyo. Mpaka leo Mkorea akitaka kusema kwamba fulani amekula kwa watu na kuondoka bila hata asante, husema hana yeomchi. Ni neno lile lile, kwa maandishi ya kisasa.

Maneno haya hayakuzaliwa kwenye mazoezi ya mateke. Yom na chi, pamoja na ye na ui, ni manne yanayopatikana katika maandishi ya kale yanayonasibishwa na Guan Zhong, waziri wa dola ya Qi huko China katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Humo yanaitwa kamba nne zinazoishikilia nchi: ikikatika moja, nchi huinama, mbili, huwa hatarini, tatu, hupinduka, zikikatika zote, huangamia na hakuna wa kuiinua tena. Kila kamba imeelezwa kwa ufupi mno. Yom ni kutoficha ovu. Chi ni kutofuata kilichopotoka.

Kutoficha ovu! Sasa msikilize anayesema “usitutie aibu”. Mara nyingi anachotaka ni hicho hicho kifichwe: mguu ulioumia usitajwe, kosa la mwalimu lisisemwe mbele ya wageni. Kiswahili kimetupa maneno ya kutenganisha mambo haya, nasi tunayachanganya. Aibu inahitaji watazamaji. Hukupata baada ya jambo, watu wakishaliona. Haya hukukamata kabla, hata ukiwa peke yako ukumbini na taa zimezimwa. Mtu akiiba tukasema “hana haya”, hatuna maana kwamba alionekana.

Hata “haya” hailingani na yom chi moja kwa moja, maana sisi huitumia pia kwa woga wa bwana harusi mbele ya wakwe. Choi aliiona hatari hiyo. Alieleza yom chi kuwa ni kujua jema na baya, na kuwa na dhamiri ya kujiona mkosaji unapokosea, kisha akatoa mifano ya wanaoikosa. Mmoja ni mwanafunzi anayeona soni kuomba maoni ya walio chini yake kimkanda. Kwa hiyo mkanda mweusi anayeona vibaya kumuuliza mkanda wa kijani jinsi ya kugeuza kisigino ana aibu tele, na yom chi hana.

Mifano yake mingine inawagusa zaidi wale wenye kulitupa neno hili ovyo. Yupo mwanafunzi anayezilegeza mbao kwa siri kabla ya onyesho la kuzivunja kwa mkono au mguu, ili zivunjike kirahisi. Yupo anayeomba cheo kwa mwalimu au kujaribu kukinunua. Na wapo walimu: anayefunika mbinu mbovu kwa ukumbi wa kifahari na sifa za uongo, na anayefundisha kwa ajili ya fedha tu. Katika orodha yote hiyo, aliyepoteza pambano hayumo. Kijana aliyepigana kwa haki, akapigwa, akainama mbele ya mpinzani wake na kutoka, yom chi yake iko salama.

Kwa hiyo, mwalimu, matokeo yakikuudhi sema tu kwamba yamekuudhi. Vijana wataelewa, na Jumatatu mtarudi mazoezini. Neno yom chi liweke kwa siku ile mzazi atakapokuja na bahasha kabla ya mtihani wa mkanda.