Java haisomi SQL yako

Kila mwandishi wa programu Nairobi atakutana na Lang'ata siku moja, na sisemi habari ya foleni ya jioni. Mimi nilikutana nayo ndani ya hifadhidata, nikiwa mgeni kazini, nikitunza mfumo wa wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Ukitafuta wanachama wa Kawangware, wanakuja. Wa Kasarani, wanakuja. Ukiandika Lang'ata, ukurasa unabaki mweupe. Karani aliyekuwa akiutumia alikwisha kujitafutia dawa: aliandika "Langata" bila ritifaa, na kuanzia hapo mtaa mmoja ukawa na majina mawili katika rekodi zetu. Kisha ikafika Murang'a, wakafuata akina Ng'ang'a na Nyong'o.

Kwiri yenyewe, yaani lile ombi tunaloipelekea hifadhidata kwa lugha yake ya SQL, ilikuwa imeungwaungwa hivi:

"SELECT jina, salio FROM wanachama WHERE mtaa = '" + mtaa + "'"

MySQL, ndiyo hifadhidata yetu, ikaona neno linaloishia Lang, ritifaa ikafunga maandishi, halafu likabaki pande la herufi lisilo na maana. Ujumbe wa hitilafu ulilalamika kwamba kuna kosa karibu na 'ata''. Kwa muda nilidhani inanitania kwa Kiswahili cha mtaani. Zifuatazo ni dhana potofu zinazoleta matatizo ya namna hii.

Dhana: Msimbo ukipita kwenye kompaila (mkaguzi na mtafsiri wa msimbo), SQL iliyomo ni sawa.

Kwa Java, lugha tuliyoandikia mfumo, kilichomo ndani ya alama za nukuu ni maandishi tu. Kiwe SQL, kiwe salamu za Krismasi, ni mamoja. JDBC, ambayo imekuwa ndani ya Java tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997, ni tarishi: hupokea barua, huipeleka, hurudi na majibu. Anayeisoma barua ni hifadhidata, tena programu ikiwa tayari inaendeshwa, pengine mteja akiwa dirishani. Ndiyo maana kosa la kitoto kama kuunganisha "FROM wanachama" na "WHERE mtaa" bila nafasi katikati hupita salama, kisha hifadhidata ikaulizwa habari za jedwali liitwalo wanachamaWHERE. Kabla ya kuilaumu Java, chapisha kwiri ilivyo baada ya kuungwa, uiendeshe moja kwa moja kwenye hifadhidata. Nusu ya kesi huishia hapo.

Dhana: Ritifaa ni tatizo la majina yetu tu, na dawa yake ni kuirudufisha.

Hili ndilo nililoliamini kwa wiki nzima. Nilibadilisha kila ritifaa kuwa mbili, Lang'ata ikafunguka, nikajiona fundi. Mwenzangu aliyenitangulia kazini akaniuliza swali moja: "Na kwenye namba ya uanachama utarudufisha nini?" Kweli, namba haikai ndani ya nukuu. Mtu akiandika 7 OR 1=1 mahali pa namba, kwiri haivunjiki hata kidogo. Inajibu vizuri, na kwa kuwa 1=1 ni kweli daima, inawatoa wanachama wote.

Mlango uliomfungia nje mkazi wa Lang'ata ndio huohuo unaomwingiza mwizi. Njia hii ya wizi si siri: ilielezwa hadharani katika jarida la wadukuzi la Phrack mwaka 1998, na bado inafanya kazi popote maandishi ya mtumiaji yanaposhonwa ndani ya kwiri. Kiini chake ni kimoja: hifadhidata haiwezi kujua neno lipi uliandika wewe na lipi limeandikwa na mgeni. Dawa ni kuvitenganisha viwili hivyo:

PreparedStatement ps = con.prepareStatement("SELECT jina, salio FROM wanachama WHERE mtaa = ?");
ps.setString(1, mtaa);
ResultSet rs = ps.executeQuery();

Alama ya kuuliza ni kigezo, yaani nafasi inayojazwa baadaye. Hapo Lang'ata ni thamani tu, haina uwezo wa kugeuka amri. Na tazama, hesabu ya vigezo inaanza 1, si 0 kama tulivyozoea kwenye safu za Java.

Dhana: Ukishatumia PreparedStatement, umevaa hirizi.

Nimeona PreparedStatement ambazo ndani yake mtu bado anaunganisha vipande kwa alama ya kujumlisha. Hiyo ni kuweka mlango wa chuma na kuacha dirisha wazi.

Makosa mengine hapa ni ya mkono tu. Kuna anayeizungushia alama ya kuuliza nukuu, '?', na kuifanya herufi ya kawaida. MySQL itakujibu kwamba kigezo cha 1 hakipo kwa sababu vigezo ni 0. Utafutaji wa kipande cha neno, LIKE '%?%', unaangukia shimo hilohilo. Andika LIKE ?, kisha alama za asilimia zitie kwenye thamani yenyewe. Kuna pia anayeandaa kila kitu vizuri halafu mwishoni anaita ps.executeQuery(sql) badala ya ps.executeQuery(). Akiiweka ile kwiri tena kwenye mabano, anarukia njia ya zamani isiyojua vigezo vyake.

Jina la jedwali au safu wima halikubali alama ya kuuliza. Ukiandika ORDER BY ? ukaweka "salio", hifadhidata inapanga kwa neno "salio" lisilobadilika, si kwa safu hiyo, na mpangilio unabaki vurugu bila kosa lolote kutajwa. Kwa hilo weka orodha ya majina unayoyaruhusu ndani ya Java, mtumiaji achague humo.

Na kuna jambo ambalo wenzetu wa lugha nyingine pengine hawalioni sana. Baadhi ya simu zikiandika Lang’ata huweka ritifaa iliyopinda, wakati kibodi ya kompyuta huweka iliyonyooka. Kwa hifadhidata hizo ni herufi mbili tofauti. Hakuna hitilafu, hakuna mwizi, na mwanachama haonekani. Sasa hivi naisawazisha ritifaa kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, na wale "Langata" wa karani ilibidi niwarekebishe mmoja mmoja.

Dhana: Hakuna SQLException (taarifa ya hitilafu), basi kazi imefanyika.

executeUpdate hurudisha idadi ya rekodi zilizoguswa. UPDATE isiyompata mtu yeyote hurudisha 0 kwa upole kabisa. Ukiipuuza namba hiyo, utamwambia mwanachama kwamba simu yake imebadilishwa wakati haijaguswa.

Zito zaidi ni muamala, yaani hatua kadhaa zinazopaswa kufanikiwa zote au zisifanyike kabisa. Umetoa shilingi 5,000 kwenye akiba kwa UPDATE ya kwanza, ya pili inatakiwa kuzipeleka kwenye mkopo, na katikati umeme ukapotea. Muunganisho wa JDBC huanza na autocommit ikiwa imewashwa: kila kwiri inathibitishwa papo hapo, peke yake. Fedha zimetoka, hazikufika. Ita setAutoCommit(false), fanya zote mbili, kisha commit kuzithibitisha. Likitokea baya, rollback kuzifuta.

Hata hivyo wengi huishia nusu ya njia. Muamala umefungwa kwenye muunganisho mmoja. Kama mbinu ya kutoa inafungua muunganisho wake na ya kuweka inafungua wake, rollback ya mmoja haimhusu mwingine. Pitisha muunganisho uleule kwa zote mbili.

Mengine kwa haraka. executeQuery ni ya SELECT, executeUpdate ni ya INSERT, UPDATE na DELETE. ResultSet husimama kabla ya rekodi ya kwanza, kwa hiyo bila rs.next() hupati kitu. getInt ikikuta NULL hurudisha 0, na salio lisilojulikana si salio la sifuri: uliza wasNull(). Kwenye WHERE, andika IS NULL, kwa kuwa = NULL haimpati mtu kamwe. Fedha zisome kwa getBigDecimal. Double, aina ya namba za desimali za kukadiria, ndiyo inayosema 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004, na mhasibu hatakuelewa.

Dhana: Miunganisho itajifunga, Java inajisafishia takataka.

Java husafisha kumbukumbu yake, kwa wakati inaoutaka yenyewe. HikariCP, hodhi la miunganisho ya kuazima na kurudisha, usipoibadilisha huweka miunganisho 10. Ukiazima bila kurudisha, maombi kumi yanapita na la kumi na moja linasubiri sekunde 30 kisha linakata tamaa. Watu huongeza idadi kuwa 50 na kusherehekea hadi Jumatano. Tangu Java 7 ya mwaka 2011 kuna try yenye mabano ambayo hufunga Connection, PreparedStatement na ResultSet yenyewe, hata kosa likitokea. Itumie kwa zote tatu.

Dhana: Kosa la 'EAT' linatibiwa kwa serverTimezone=UTC.

Matoleo ya mwanzo ya Connector/J 8.0, draiva ya kuunganisha Java na MySQL, yalikuwa yakigoma kuunganishwa na seva iliyowekewa saa za Afrika Mashariki, yakidai kwamba 'EAT' haitambuliki. Ushauri uliosambaa ulikuwa kubandika serverTimezone=UTC, yaani saa sanifu ya dunia, kwenye anwani ya muunganisho. Kosa hutoweka, na uongo huanza. Umeiambia draiva kwamba seva iko saa tatu nyuma ya mahali ilipo. Malipo ya saa saba na nusu usiku yanahifadhiwa kama ya saa nne na nusu, yaani ya jana. Ukiyasoma kwa Java ileile yanaonekana sawa, kwa sababu draiva inayarudisha ilivyoyapeleka. Anayeandaa ripoti ya siku moja kwa moja kwenye hifadhidata ndiye anayekuta hesabu hazifungi. Kinyume chake, rekodi iliyopigwa muhuri na NOW() ya seva saa hiyohiyo, Java itaisoma kuwa ya saa kumi na nusu alfajiri.

Kama seva iko kwenye saa za hapa, andika serverTimezone=Africa/Nairobi. Kama unataka UTC, seva yenyewe iwe UTC. Sisi tulichagua ya kwanza, na rekodi zote za miezi iliyotangulia tukazisogeza saa tatu mbele, isipokuwa zile za NOW(), ambazo zilikuwa sahihi tangu mwanzo.