Zege Si Usafi: Dhana Zinazoharibu Nyua Zetu

"Fundi, mimi nataka unimwagie zege ua mzima, ukuta hadi ukuta, nipumzike na vumbi." Maneno hayo niliambiwa tena majuzi, hapa Malindi, na mwalimu mmoja mstaafu aliyeniita nimsaidie kuugeuza ua wake wa nyuma uwe mahali pa kupikia, pa kupokea wageni baada ya alasiri na pa wajukuu kuchezea. Hata kahawa ilikuwa haijamiminwa. Nilimuuliza, "Bi Mkubwa, umewahi kukaa hapa saa nane mchana?" Hakuwa amewahi, na wala simlaumu, kwa sababu wateja wangu karibu wote huanza na sakafu kabla hawajajua jua linapita wapi na maji yanakwenda wapi.

Najua dhana hii inakotoka. Kufagia ua wa mchanga kila alfajiri ni kazi ya mgongo, na masika yakianza matope huingia mpaka sebuleni. Malalamiko ni ya haki. Dawa ndiyo mbaya. Zege lililofunika ua mzima halileti usafi wowote unaoweza kulinganishwa na madhara yake, nayo madhara hayo huja kwa njia tatu ambazo mwenye nyumba huziona moja moja, mwaka baada ya mwaka, bila kuziunganisha na sakafu aliyoilipia.

La kwanza ni joto. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, kiasi kwamba ukuta hauna kivuli cha kukupa. Zege la unene wa sentimita 10 hulinywa jua hilo mchana kutwa, kisha huanza kulirudisha magharibi, yaani saa ile ile ambayo watu wanataka kutandika mkeka. Sikubishana na mwalimu. Nilimwomba anisindikize kwa jirani yake aliyekwisha kumwaga zege, tukaenda baada ya swala ya magharibi, nikamwomba avue ndara. Alisimama juu ya sakafu ile kwa muda mfupi, akahamisha mguu mmoja, kisha wa pili, akaondoka mwenyewe kwenda kusimama kwenye mchanga chini ya mwarobaini wa jirani. "Kumbe!" alisema, na neno hilo moja liliniokolea hotuba ya nusu saa.

La pili ni maji. Ua wa mwalimu una mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, jambo ambalo katika masika si la ajabu, ua huo hupokea lita 6,000, sawa na madumu 300 ya lita 20, na hapo sijahesabu maji yanayotiririka kutoka kwenye paa. Mchanga wetu wa pwani huyanywa maji hayo kwa utulivu. Zege halinywi kitu. Huyasukuma yote kwenda pale palipoinama, na mafundi wengi, samahani kwa wenzangu, huinamisha sakafu kwa macho tu bila pima maji, hivyo palipoinama huwa ni kizingiti cha jikoni. Kwa wale wenye visima kuna hasara nyingine: maji matamu ya pwani hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi, na tabaka hilo hulishwa na mvua inayozama ardhini. Ukiuziba ardhi mdomo halafu uendelee kuvuta kisima, usishangae siku chai inapoanza kuonja bahari.

La tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa huharibu nyumba yenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe zina vinyweleo. Hufyonza unyevu kutoka chini na kuutoa hewani. Ua unapokuwa wazi, unyevu mwingi wa ardhini hutoka kupitia mchanga. Ukishafunikwa kwa zege lililobanwa kwenye msingi, unyevu hubaki na njia moja tu, nayo ni ukuta. Hupanda humo ukiwa umebeba chumvi, hufika usoni, maji hukauka na chumvi hubaki ikijenga vijiwe vidogo vinavyoipasua plasta kutoka ndani. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa mpini wa mwiko, sentimita 40 hivi kutoka chini, utasikia mlio wa kitu kitupu. Pitisha kidole, utapata unga mweupe. Guza kidole hicho kwa ulimi, utajua ni nini. Hapo ndipo mwenye nyumba huita fundi apige plasta mpya ya saruji na rangi ya mafuta, ambazo hazipumui, na unyevu uliozuiwa chini hupanda zaidi kutafuta pa kutokea. Nimeona kuta ambazo kila baada ya plasta mpya alama ya unyevu ilikwea, hadi ikafika usawa wa dirisha. Ukuta wa matumbawe hutengenezwa kwa chokaa, isiyoziba vinyweleo, na chokaa ikichakaa hubanduka yenyewe na kuliacha jiwe salama.

Hapa kuna mjuzi ambaye hunijibu kwamba wazee wa Lamu walisakafia viwanda vya nyumba zao, yaani nyua za ndani, tena nyumba hizo zimesimama karne na karne. Ni kweli, na Mji wa Kale wa Lamu haukuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya ujenzi mbaya. Lakini atazame alichokitaja. Kiwanda cha Lamu ni kidogo, kimezungukwa na kuta ndefu zinazokitia kivuli sehemu kubwa ya siku, sakafu yake ya asili ni ya chokaa, na maji yake yamepewa njia ya kutokea tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo ukizuru magofu ya Gede, kilomita chache kutoka hapa, utaona nyua zilizoshushwa chini ya usawa wa vyumba, ili maji ya mvua yasije ndani. Wale walipanga maji kwanza, sakafu baadaye. Kuchukua kiwanda cha kivuli na chokaa kama kibali cha kumwaga mita za mraba 120 za saruji juani ni kuwasingizia marehemu.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wamechoka kuusikia, ni kwamba theluthi moja tu ya ua ndiyo istahili sakafu ngumu. Mahali pa kukaa pawekwe mawe ya Galana, yale bapa ya kutandaza, juu ya mchanga ulioshindiliwa, yakiachwa na viungo vya sentimita moja au mbili vilivyojazwa mchanga ili maji yapite. Mteremko uwe sentimita moja na nusu kwa kila mita, kutoka kwenye nyumba kwenda nje, na upimwe. Kandokando ya kila ukuta iachwe njia ya kokoto yenye upana wa nusu mita, isiyo na saruji hata chembe. Sehemu iliyobaki ni miti, mimea na mchanga safi, na majani yatakayoanguka yatafagiliwa. Mwenye kuchukia majani hata hayo, basi asitamani kivuli.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Jiko la nje liwekwe popote penye nafasi." Hapana. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo katika misimu yote miwili upepo una asili ya mashariki, na moshi huelekea magharibi. Jiko likae upande wa magharibi wa ua na viti upande wa mashariki. Faida ya ziada ni kwamba banda la jiko hilo huwakinga wakaaji na jua la jioni, ambalo huja chinichini na halizuiliwi na paa. Ikiwa nyumba yenyewe ndiyo iliyo magharibi, jiko lisogezwe pembeni mpaka moshi uipite, na jirani wa upande huo ajengewe heshima ya bomba refu.

"Makuti huvuja, bora mabati." Makuti yaliyolazwa huvuja. Paa la makuti lisimame nyuzi 45 au zaidi ili maji yateleze kabla hayajazama. Fundi anayelilaza kwa kuokoa boriti amekuibia miaka ya paa hilo. Mabati bila dari, kwa upande wake, yatakupikia wageni saa nane mchana. Hofu ya moto nakubaliana nayo kabisa, na ndiyo maana sitajenga jiko la mkaa chini ya makuti, hata mteja akinuna.

"Ukuta mrefu usio na tundu ndio sitara." Sitara ni haki ya kila nyumba, lakini ukuta mzima wa mita tatu huukata upepo na kuuacha ua ukiwa kama sufuria iliyofunikwa. Safu mbili za matofali ya matundu katika usawa wa kiti, na mbele yake asumini au mrehani, huleta upepo na kuzuia macho.

"Mchanga wa pwani ni mchanga tu." Chumvi iliyomo huila nondo, nondo yenye kutu huvimba, na kuvimba huko hulipasua zege. Tumia mchanga wa mto. Kwa jambo hili sina mjadala na mtu.

"Chuma cha pua hakishiki kutu." Cha daraja la 304 hushika madoa ya kutu karibu na bahari, dai la 316, ukilipe.

"Mti karibu na nyumba huvunja msingi." Mkuyu, ndiyo, na usiupande. Mnazi una mizizi ya nyuzinyuzi isiyoinua ukuta. Hatari ya mnazi iko juu, kwa hiyo viti visikae chini ya madafu.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, chukua kiti na mkeka, ukae uani kwa siku saba: saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, ukiweka alama ya chaki mahali ulipojisikia vizuri. Kisha mwaga ndoo moja ya maji mahali pane tofauti, utazame yanaelekea wapi. Mwalimu wangu alifanya hivyo, akagundua kwamba pahali alipopachagua pa wageni ndipo palipokuwa tanuri kuanzia saa tisa, na pembe aliyokuwa akitupia ndoo mbovu ndiyo iliyokuwa na upepo siku zote saba. Wageni wamehamia huko, kwenye mawe ya Galana chini ya mti wa mkungu. Zege alilitaka na amelipata: mita mbili kwa moja na nusu, chini ya mfereji, mbali na ukuta, mahali pa kuoshea masufuria.