Fantasia ya Giza: Yanayosemwa na Yaliyomo

"Hivyo ni vitabu vya uchawi." Ndiyo kauli ya kwanza utakayoisikia ukifungua riwaya nene yenye upanga kwenye jalada ndani ya teksi ya kutoka Bombo kwenda Kampala, hasa kama aliyeketi ubavuni pako ametoka kwenye mkesha wa maombi. Uchawi umo, sikatai. Ila katika fantasia ya giza, yaani hadithi za ulimwengu wa kubuni zenye ukatili na wahusika wasio wema kabisa wala waovu kabisa, mara nyingi huwa haba, una gharama, na wahusika wengi hawausadiki mpaka uwafike. Kinachojaza kurasa ni mambo yanayofahamika hata huku kwetu: nani arithi kiti, jeshi litakula nini, deni la mfalme atalilipa nani. Katika riwaya za George R. R. Martin taji limezama kwenye madeni, na ugomvi wa koo zake umechota mengi kutoka vita vya koo mbili za kifalme, York na Lancaster, vilivyoitikisa Uingereza katika karne ya 15. Anayetafuta pepo wa kukemea ataambulia siasa.

Dhana ya pili ni nzito zaidi, na wanaoishikilia si wajinga: eti vitabu hivi havina maadili, mwema na mwovu wamevurugwa pamoja mpaka msomaji apotee. Mzazi akiona kijana wake anamshabikia muuaji wa kitabuni, ana haki ya kuuliza.

Chukua Glokta, mhusika wa Mwingereza Joe Abercrombie. Zamani alikuwa bingwa wa upanga, mzuri wa sura na mwenye majivuno. Akatekwa vitani, akateswa miaka miwili, akarudi kwao kilema, meno yamevunjwa, hawezi kutafuna wala kupanda ngazi bila kulaani. Sasa kazi yake ni kuwatesa wengine ili wakiri makosa, hata wasiyoyatenda. Mwandishi anakuingiza ndani ya kichwa chake: unasikia maumivu yake ya asubuhi, unasikia anavyojicheka, na kabla hujajua unamwombea apone. Kisha anachukua kisu na kumwendea mtu asiye na hatia. Hapo ndipo maadili yalipo. Hakuna sauti ya msimulizi inayokuambia huyu ni mbaya, mchukie. Hukumu imeachwa mikononi mwako, na unaitoa huku ukijua fika kwamba dakika chache zilizopita ulikuwa upande wake. Kitabu kinachokuandikia hukumu tayari kina kazi rahisi kuliko hicho. Kuelewa kwa nini mtu amekuwa katili si kumsamehe, na Abercrombie hamsamehi hata mara moja. (Vitabu hivi si vya watoto, hilo halina ubishi. Wa darasa la saba asubiri.)

Msomaji wa Kiswahili, nadhani, angepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Nani alimuua Fumo Liyongo? Mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mfalme wa Pate kumwahidi binti yake. Hata Liyongo mwenyewe si malaika. Tumezisikia beti hizo vizazi na vizazi, na hakuna aliyesema zinafundisha wana kuua baba zao.

"Lakini hayo ni ya Wazungu." Majumba ya mawe na theluji, ndiyo, yamejaa, na yanachosha. Hata hivyo N. K. Jemisin, Mmarekani mweusi, alishinda tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa hadithi inayoanza na mama aliyemkuta mwanawe ameuawa na baba yake. Marlon James wa Jamaika alichota kwenye ngano za Afrika kwa riwaya yake ya 2019. Na kama unataka mtu wa kufaa kuwa mhusika wa vitabu hivi, Uganda inaye jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu. Alipigana vita vya dini Buganda, akashiriki kuwakamata Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1899, akawatekea Waingereza nchi za mashariki akitarajia kuwa mfalme huko. Waingereza walipoimarika wakamsukuma kando. Mwaka 1919 akaigeukia dini ya Kiyahudi, na jumuiya aliyoianzisha ingalipo karibu na Mbale. Shujaa au kibaraka? Muulize Muganda, kisha kamuulize mtu wa Teso, huko mashariki, usikie.

Wapo wanaodai kuitazama tamthilia inatosha. Mimi sina ugomvi na kibanda cha video. Kuna vijei, wasimulizi wa filamu, wanaotafsiri kwa Kiluganda na kutia chumvi hadi filamu mbovu ikanoga. Lakini tamthilia iliyotokana na riwaya za Martin, Game of Thrones, ilimalizika 2019, ilhali kitabu cha tano kilitoka 2011 na cha sita wasomaji walikuwa wangali wanakingoja. Misimu ya mwisho ilikwenda mbele ya vitabu vilivyochapishwa. Tena kila sura ya riwaya inakaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na kamera haiwezi kukuonyesha mtu anavyojidanganya mwenyewe.

Martin hakuianzisha fantasia hii, kwa taarifa tu. Glen Cook alikuwa akisimulia habari za mamluki wanaomtumikia mtawala katili tangu 1984, miaka 12 kabla ya kitabu cha kwanza cha Martin.

Na ile hofu ya majina mengi na unene? Inategemea umeanzia wapi. Steven Erikson, aliyesomea akiolojia na anthropolojia, ana mfululizo wa vitabu 10 unaokutupa katikati ya vita bila maelezo. Huko hata wasomaji wazoefu hupotea kwa kurasa mia kadhaa, na hakuna aibu kurudi nyuma. Usianzie huko. Vitabu vitatu vya kwanza vya Abercrombie vilitoka 2006, 2007 na 2008, wahusika wakuu wanahesabika kwa vidole, na hadithi inafungwa. Inafungwa kwa namna itakayokuudhi, lakini inafungwa.